Kupangua gia bila kuachia breki: mwongozo kamili wa kisigino na kidole

Kisigino na kidole ni mbinu ya kushusha gia huku breki ikiendelea kufanya kazi. Upande wa kushoto wa mguu wa kulia unabana breki, na upande wa kulia wa mguu huohuo unagusa mafuta kidogo (huku ndiko kupiga resi) ili injini ipandishe mizunguko kabla klachi haijaachiwa. Ikifanyika sawasawa, gari linaingia gia ya chini bila kichwa cha abiria kutikisika, na linafika kwenye kona likiwa tayari na gia ya kutokea.

Wengi huikimbilia kama ufundi wa kifundo cha mguu. Mimi naiona kuwa ni somo la breki. Dereva asiyeweza kushika breki kwa nguvu isiyoyumba hatafaidika na resi, hata iwe safi kiasi gani. Ndiyo maana hapa tutakawia sana kwenye vipande vidogovidogo kabla ya kuviunganisha.

Kwa nini injini inahitaji kusaidiwa

Chukua gari ambalo uwiano wa gia ya nne (yaani injini inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka kwenye giaboksi) ni 1.0, wa gia ya tatu 1.35 na wa gia ya pili 2.0. Uko gia ya tatu, injini inazunguka mara 2,700 kwa dakika. Ukitaka kuingia gia ya pili kwa mwendo uleule, zidisha 2,700 kwa 2.0 kisha gawanya kwa 1.35: unapata 4,000. Barabarani hakuna kilichobadilika, lakini injini inadaiwa mizunguko 1,300 ya ziada.

Ukikanyaga klachi na kubadilisha gia bila kugusa mafuta, injini haiongezi kitu, inazidi kushuka. Ukiachia klachi, pleti ya klachi inakutana na flaiwili, yaani gurudumu zito lililofungwa kwenye injini, inayozunguka polepole mno, na lazima iivute hadi 4,000 kwa msuguano. Nguvu ya kuivuta inatoka kwenye matairi. Matairi hayohayo tayari yanapunguza mwendo wa gari, na ukiyaongezea mzigo huo ghafla yanaweza kupoteza mshiko. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma huanza kuzungusha mkia. Linaloendeshwa na magurudumu ya mbele hukataa kona na kuteleza mbele, kwa kuwa magurudumu yanayopaswa kuliongoza ndiyo yaliyokabwa.

Mtu anayeshuka kwenye basi linalotembea huanza kukimbia kabla unyayo haujagusa ardhi. Resi unayopiga klachi ikiwa chini inaifanyia injini jambo hilohilo.

Huenda ukauliza: sinkro, vile vipande vya giaboksi vinavyolainisha kuingia kwa gia, zina kazi gani basi? Zimekuwapo tangu Cadillac ilipozileta mwaka 1928, na kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia na shafti zilizo ndani ya giaboksi ili meno yaingiliane bila kusagana. Injini iko upande wa pili wa klachi na sinkro haziigusi. Kwa hiyo gari la kisasa linaweza kuingia gia ya pili kwa ulaini kabisa mkononi, kisha likashtuka vibaya klachi inapoachiwa. Malori mazito yenye giaboksi zisizo na sinkro ni habari nyingine: huko dereva hukanyaga klachi mara mbili, kwa kupitia frii (pasipo gia yoyote) na kuachia klachi akiwa frii anapopiga resi, ili shafti ya giaboksi nayo iharakishwe. Kwenye gari dogo lenye sinkro nzima huhitaji hayo. Kama sinkro ya gia fulani imechoka na gia inalia unapoiingiza, klachi mara mbili itaipunguzia kazi, ila dawa yake hasa iko kwa fundi.

Kagua pedali kabla ya kitu kingine

Kaa ukiwa umewasha injini, gari limesimama, handbreki imevutwa na gia iko frii. Injini iwake kwa sababu busta ya breki, kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako, inategemea mvuto wa hewa unaotokana na injini. Ukiizima na kukanyaga breki mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu na inabaki juu, na utazoea kitu ambacho hutakikuta barabarani.

Sasa kanyaga breki kwa nguvu, kama unayetaka kusimama haraka, na utazame pedali imefika wapi ukilinganisha na ya mafuta. Hali nzuri ni breki kuwa sawa na mafuta au juu yake kidogo. Ikishuka chini ya usawa wa mafuta, mguu unaweza kukanyaga mafuta bila kukusudia wakati unapohitaji kusimama, kwa hiyo mwachie fundi akague breki na marekebisho ya pedali kwanza. Ikibaki juu sana, utalazimika kupinda kifundo hadi kikuume. Wapo wanaofunga kipande cha ziada kwenye pedali ya mafuta ili kupunguza pengo hilo. Kikubalike tu iwapo kimekazwa kwa skrubu na hakiwezi kuzunguka wala kunasa.

Zingatia jambo moja ambalo huwakatisha tamaa wanaoanza. Breki iliyoguswa kidogo tu huwa juu mno kuliko mafuta. Pedali hizi mbili hukaribiana pale breki inapokanyagwa kwa nguvu. Hii ndiyo sababu mbinu hii ni ngumu ukiwa unapunguza mwendo taratibu, na inakuwa rahisi ghafla ukibana breki sawasawa.

Ondoa zulia la miguu lililolegea. Vaa kiatu chenye soli nyembamba, kisicho kipana sana, kinachokufanya uhisi pedali. Si lazima kiwe cha mashindano: kuna video inayojulikana sana ya Ayrton Senna, bingwa wa Formula One, akiendesha Honda NSX kwenye uwanja wa mashindano wa Suzuka, Japani, miguuni akiwa na viatu vya kawaida vya kutumbukiza. Kiti kivutwe mbele kiasi kwamba klachi ikifika chini kabisa goti la kushoto bado limepinda, na mgongo haubanduki kwenye kiti ukibana breki.

Mwisho, jaribu kama gari lako linakubali. Baadhi ya magari yenye pedali ya mafuta ya kielektroniki hukata mafuta yanapogundua kwamba breki na mafuta vimekanyagwa pamoja. Ukiwa umesimama frii, shika breki kisha gusa mafuta. Mshale wa mizunguko ukipanda kama kawaida, ni dalili nzuri, ingawa magari mengine huanza kukataa yakishakuwa mwendoni tu. Ukigundua hivyo, mbinu unayoweza kutumia ni ile ya hatua ya pili hapa chini, na hakuna mazoezi yatakayobadilisha hilo.

Mguu ukae wapi

Kuna mikao miwili. Wa kwanza, ambao unafaa magari mengi ya sasa: sehemu nene ya unyayo iliyo chini ya kidole gumba inakaa kwenye nusu ya kulia ya pedali ya breki. Ukitaka resi, unaviringisha mguu kuelekea kulia ili ukingo wa nje wa unyayo uguse mafuta. Goti linasogea kidogo, kifundo kinainama, na shinikizo la kidole gumba halibadiliki.

Mkao wa pili ni ule uliozaa jina lenyewe: vidole kwenye breki, kisigino kinazungushwa kulia hadi kwenye mafuta. Unafaa pale pedali ya mafuta imefungwa sakafuni na ni ndefu, au pedali zimeachana mbali. Wenye miguu midogo mara nyingi huona huu ni rahisi zaidi. Jaribu yote miwili ukiwa umesimama, uchague unaokuruhusu kubana breki kwa nguvu zote bila maumivu. Usichague kwa kuiga mtu.

Hatua ya kwanza: resi ukiwa umesimama

Frii, handbreki, injini ya moto. Gusa mafuta na kuachia mara moja, haraka, bila kubana. Tazama mshale. Lengo ni kuupeleka unapotaka: kwanza 2,500, kisha 3,000, kisha 4,000, bila kuangalia, kwa sauti tu. Sikio ndilo litakalokuongoza baadaye, maana ukikaribia kona macho yana kazi nyingine.

Kabla hujaenda hatua ya pili, jipatie namba za gari lako mwenyewe. Endesha mahali salama kwa kilomita 60 kwa saa katika gia ya nne, soma mshale. Kisha gia ya tatu kwa mwendo uleule. Kisha ya pili, ukihakikisha bado uko mbali na alama nyekundu. Tofauti kati ya gia na gia ndiyo resi unayodaiwa kwa mwendo huo. Rudia kwa 40. Ukishazijua namba hizo huhitaji kubahatisha.

Hatua ya pili: resi mwendoni, bila breki

Tafuta barabara tupu na iliyonyooka au uwanja uliofungwa. Uko gia ya nne, mwendo wa wastani. Kanyaga klachi, toa gia, gusa mafuta mkono wa gia unapopita frii, ingiza ya tatu, achia klachi. Mwendo wa gari usibadilike kabisa. Anza na nne kwenda tatu, kwa sababu pengo lake ni dogo. Katika mfano wetu, injini ya 3,000 inatakiwa kufika 4,050.

Ukihisi gari linavutwa nyuma, resi ilikuwa ndogo au klachi ilichelewa kuachiwa na mizunguko ikaanguka. Likisukumwa mbele, resi ilizidi. Kati ya makosa hayo, ni afadhali kuzidisha kidogo: mshale huwa tayari unashuka klachi inapoanza kushika, na ziada ndogo humalizika yenyewe.

Klachi isiachiwe taratibu mno kama unapoondoa gari mlimani, wala isirushwe. Iachiwe kwa mkupuo mmoja ulio laini, mara tu gia inapoingia. Mkono nao usisukume kwa nguvu. Ukihisi gia inakataa, acha isubiri kidogo badala ya kulazimisha.

Hatua hii peke yake itakufaa kila siku kuliko mbinu yote kwa ujumla. Ikae nawe mpaka usiiwazie.

Hatua ya tatu: zoezi linalofichua mguu

Hili ndilo zoezi ninalolithamini kuliko yote. Katika eneo tambarare lililofungwa, fikisha gari kilomita 40 kwa saa, weka frii, achia klachi. Sasa injini haijaunganishwa na magurudumu. Anza kubana breki kwa kiasi kile kile kuanzia mwanzo hadi karibu na kusimama, na ukiendelea kubana, piga resi mara moja, halafu tena, halafu tena.

Kwa kuwa injini imetengwa, resi haiwezi kusukuma gari wala kulivuta. Mtikisiko wowote utakaouhisi umetokana na mguu wako kwenye breki. Gari likiinamisha pua kila unapogusa mafuta, unaongeza breki unapoviringisha mguu. Pua ikiinuka, unailegeza. Wengi huilegeza, na hilo ni kosa la hatari zaidi, kwani unapoteza umbali wa kusimama bila kujua.

Mwombe mtu akae kando yako na afumbe macho. Akikuambia kwamba asingesikia sauti ya injini asingejua umepiga resi, uko tayari. Akisema alihisi, rudia hata kama unaona umefanya vizuri. Mwili wa abiria huhisi mambo ambayo dereva aliyejikita kwenye miguu yake hayahisi.

Usikimbilie mbele. Anayeruka zoezi hili hulipia baadaye kwa miezi ya kushusha gia kwa mishtuko, na hajui tatizo liko wapi kwa sababu breki, klachi na resi vyote vinatikisika kwa pamoja.

Hatua ya nne: kuunganisha

Mwendo wa kilomita 60 hadi 70, gia ya nne, mstari ulionyooka, nyuma yako hakuna mtu. Mpangilio ni huu, na kila kitu kina mahali pake:

1. Bana breki kwanza, kwa uthabiti, mguu ukiwa tayari umekaa mkao wa kupiga resi. Usiguse klachi bado.
2. Mwendo ukishashuka vya kutosha, kanyaga klachi, breki ikibaki ilivyo.
3. Toa gia. Mkono unapopita frii, viringisha mguu na upige resi.
4. Ingiza gia ya tatu, achia klachi mara moja.
5. Endelea kubana breki kadiri inavyohitajika, kisha uilegeze taratibu unapoanza kugeuza usukani.

Namba mbili na tatu, pamoja na kuingiza gia, hutokea kama tendo moja. Mwanzoni litakuwa refu na lenye mapengo. Usilifupishe kwa nguvu. Litafupika lenyewe miguu na mkono vikizoeana.

Mkazo uwe kwenye neno la namba mbili: ukishashuka. Breki ndiyo inayopunguza mwendo, gia inafuata. Anayeshusha gia mapema, gari likiwa bado na mbio, anaifanya injini ifike mizunguko mikubwa bila sababu. Katika mfano wetu, dereva aliye gia ya nne kwa mizunguko 6,000 akiingiza ya pili kwa bahati mbaya, magurudumu yatailazimisha injini kuelekea 12,000. Kidhibiti cha mizunguko hakitamwokoa, maana kazi yake ni kukata mafuta tu. Hakiwezi kuzuia magurudumu kuizungusha injini. Valvu zinaweza kugonga pistoni, na injini imekwisha. Hivyo ukiwa na shaka kama mwendo umeshuka vya kutosha, ngoja.

Kusoma makosa kwa hisia

Gari likirukia mbele kidogo kabla ya gia kuingia, umepiga resi kabla klachi haijafika chini. Mguu wa kulia umetangulia wa kushoto. Likishtuka klachi inapoachiwa, sikiliza sauti: kama injini ilikuwa imeshapanda kisha ikashuka, tatizo si ukubwa wa resi bali ni mkono uliochelewa. Watu huongeza resi hapo, na mshtuko haupungui, kwa sababu wanatibu kisichoumwa.

Kama resi haipatikani kabisa na mguu unakosa mafuta, usinyooshe mguu zaidi. Sogeza kidole gumba kulia zaidi kwenye pedali ya breki. Mara nyingi sentimita moja inatosha. Ikishindikana hata hapo, huenda hubani breki kwa nguvu ya kutosha na pedali bado iko juu.

Kosa jingine halina mtikisiko, kwa hiyo ni rahisi kulikosa: mguu wa kushoto kubaki ukigusa klachi baada ya kazi kwisha. Uupeleke kwenye pumziko lake. Klachi inayoguswaguswa huchakaa, na mwili unakosa mahali pa kujiegemeza ndani ya kona.

Kwenye kona, na kwenye magari tofauti

Usiipeleke mbinu hii kwenye kona mpaka mistari iliyonyooka iwe imekuchosha. Unapoanza, chagua kona pana unayoiona mpaka mwisho wake, na umalize kushusha gia kabla ya kugeuza usukani. Klachi ikiachiwa vibaya gari likiwa limeshainama kwenye kona, hakuna nafasi kubwa ya kurekebisha.

Injini za dizeli hupanda polepole, na nyingi za magari madogo huishia karibu na mizunguko 4,500 hadi 5,000. Resi yake iwe ndefu kidogo, na gia ishushwe moja tu, mwendo ukiwa mdogo zaidi. Injini ndogo ya petroli yenye flaiwili nyepesi hupanda na kuanguka haraka. Hapo mkono ndio unapaswa kuwa mwepesi. Yapo pia magari ya gia za mkono yanayopiga resi yenyewe, kama Nissan 370Z iliyokuja na mfumo huo katika modeli ya 2009. Uzime unapojifunza, la sivyo hutajua ni nani aliyefanya kazi.

Kuhusu kuruka gia, kutoka nne moja kwa moja hadi pili: inafaa pale mwendo umeshuka sana, na inakupunguzia kazi ya mkono. Ila pengo la mizunguko ni kubwa, na nafasi ya kuwahi kupita kiasi ni kubwa vilevile. Mwanafunzi apitie tatu.

Kwenye barabara za kawaida zenye watu, mara nyingi hutaihitaji. Punguza mwendo kwa breki, iachie, kisha pangua gia kwa resi ya hatua ya pili. Na usijaribu kutumia gia kuokoa breki kwenye tambarare: pedi za breki hubadilishwa kwa urahisi kuliko klachi.

Mvua ina kanuni yake. Barabara ikiwa imelowa unabana breki kwa wepesi, kwa hiyo pedali inabaki juu na mafuta yanakuwa mbali na mguu, wakati huohuo matairi hayavumilii mshtuko wowote wa klachi. Siku hiyo anza kupunguza mwendo mapema zaidi, maliza breki gari likiwa limenyooka, kisha shusha gia kwa resi ya kawaida, na klachi uiachie taratibu kuliko ulivyozoea.